Bendera ya Wachimba Dhahabu wa Kibosho

Enzi zetu, sisi tuliovaa kaptula zenye viraka viwili nyuma kama miwani, hadithi moja ya darasani ilitosha kututia wazimu wiki nzima.

Mwalimu wa jiografia alitusimulia jinsi watu walivyokimbilia dhahabu Australia hapo kale. Walilala kwenye mahema ya turubai, wakashinda matopeni, wakala mkate uliookwa majivuni na nyama ya kondoo. Mahema yalipeperusha bendera za kila taifa. Hata duka lilipandisha yake, mwenye njaa ajue pa kuelekea. Serikali ilipowabana kwa vibali vya kuchimba, wakashona bendera yao wenyewe, ya buluu yenye msalaba mweupe na nyota, wakapiga magoti chini yake na kuapa kutoachana.

Jumamosi hatukukamatika! Rafiki yangu Prosper alikuwa ameona mchanga unaometameta kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee ulioteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba yetu. Dada yake, Filomena, akaleta shuka la buluu na kulishonea msalaba wa mfuko wa unga. Nyota zilimshinda, zikafanana na buibui. Tukaitundika bendera yetu kwenye mti, tukachimba kwa vifuu na sufuria mbovu.

"Dhahabu!" Prosper alipiga kelele kila alipookota kijiwe. Tulicheka hadi mbavu zikauma, matope yametujaa masikioni.

Ghafla akatokea Babu Ngowi, msimamizi wa mfongo, na fimbo yake.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba. Nani kawapa kibali cha kuchimba hapa?"

Kibali! Tukatazamana. Filomena akapiga magoti chini ya shuka, nasi tukafuata. Sifa za fimbo ile zilivuka hadi parokia ya jirani.

"Hatuna kibali, babu," Filomena akasema. "Na hatuachani. Ukimchapa mmoja, utuchape wote."

Babu akatukodolea macho. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akashikilia mgomba asianguke.

"Haya, wachimbaji. Chimbeni pale palipoziba. Maji hayafiki bondeni, migomba ya mama zenu inakauka."

Tulizoa tope kwa wimbo na kelele. Jioni maji yakafyatuka na kushuka yakinguruma, na kutoka bondeni tukasikia vigelegele. Babu Ngowi, yule tuliyemwogopa, akajitosa na suruali yake, akaturushia maji kama mtoto. Kina mama wakaja na sufuria ya kiburu, chakula cha ndizi na maharage, kikifuka moshi. Mama yake Filomena akainua macho mtini.

"Yesu wangu! Shuka langu la harusi!"

Filomena alikula akiwa mbali kidogo.

Siku hizi wajukuu zangu wanachimba dhahabu kwenye simu, jasho likiwatoka kwenye vidole gumba tu. Ukiwapa jembe, wanauliza kama shambani kuna mtandao. Siwalaumu, mabomba yamekuja, na mfongo umefukiwa sehemu kubwa. Ila jua likizama, nyumba inakuwa kimya mno, kila mmoja na kona yake. Zamani, saa kama hii, mama angekuwa anapaza jina langu kutoka uani, hasira zinampanda, nami nikijifanya sisikii, sitaki siku iishe.