Shavu la Kushoto la Dada

Mie mikono yangu ilisifiwa Keko nzima. Bibi harusi akishasingwa na mie, singo yangu ya kusugulia mwili ikamkolea, alitoka anang'ara hata wambea wakakosa la kusema. Kiburi nilikuwa nacho, Mungu anisamehe.

Miaka ile ya tisini kila kitu kilikuwa kinashuka kutoka Dubai: redio, vitenge, mafuta ya uso, mpaka sindano. Mwanamke mmoja wa Kinondoni alikuwa anawachoma watu mashavuni, nyuma ya duka la mumewe. Alisema dawa ile inajaza mikunjo na kurudisha ujana. Dawa gani? Hata yeye hakujua, maana maandishi ya kwenye kichupa yalimshinda kusoma.

Dada yangu alikwenda kuchomwa. Alikuwa mjane, amepata mchumba mfanyabiashara wa Kawe, na umri alishaupunguza miaka minane. Alichoka upweke, akaogopa akijulikana ataachwa. Mie hakuniambia kitu.

Siku mbili kabla ya ndoa nikamkalisha mkekani nimsinge. Dada wawili wa mchumba, mawifi zake watarajiwa, walikaa palepale wakimkagua kuanzia unyayo. Nilipofika usoni akanishika mkono.

"Uso taratibu, mdogo wangu."

"Ebo! Bibi harusi mtu mzima unadeka hivi? Tulia tukung'arishe!"

Mawifi wakacheka, yule mkubwa akapiga kigelegele. Dada akauachia mkono wangu. Chini ya gumba langu kitu kikateleza ndani ya shavu la kushoto, kidogo kama punje ya mahindi. Nikadhani chunusi imejificha, nikakikandamiza. Kikashuka. Machozi yakamtoka, nami nikasugua juu yake, maana bibi harusi wote hulia.

Kulipokucha shavu limevimba. Uvimbe ulipopungua likabaki fundo karibu na taya, na upande ule wa uso ukawa umelegea. Tulipobaki wawili ndipo akaniambia, "Niliambiwa uso usiguswe wiki mbili."

"Sasa si ungesema!" Nilimfokea, jamani, mie niliyemharibu.

"Ningesemaje, na wale wamekaa pale?"

Ndoa ilifungwa. Shemeji alimpenda vilevile, na umri wa kweli alipokuja kuujua alicheka tu. Lakini dada alijifunika ushungi mpaka kwenye taya, hata jikoni, hata akila na sie. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana, huenda ningepata usingizi.

Sikumsinga tena bibi harusi yeyote. Nikikanda unga wa chapati, mpaka leo, nakisikia kile kitu kikiteleza chini ya gumba, nauacha unga nakwenda kunawa. Wanangu wanadhani nina wazimu.

Mwaka juzi dada alifariki, nikaitwa kumwosha. Tulikuwa mie na wifi yake mkubwa, yule wa kigelegele. Tulipomfunua uso, fundo lilikuwa palepale. Wifi akalowesha kitambaa kwenye maji ya mkunazi, akaanza kusugua.

"Uso taratibu, wifi," nikamwambia.

"Kwani ana nini?"

Nikakichukua kile kitambaa mkononi mwake, nikamwosha mwenyewe.