Jeti Ile Haikuwa Ndege

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyorusha ndege kutoka kwenye galaksi. Cheka tu, ruhusa unayo. Wakati ule mimi sikucheka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtangazaji wa majaribio kwenye redio moja ndogo ya Temeke. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri habari za sayansi kutoka Kiingereza na kuzisoma mwenyewe kila Jumatatu saa kumi jioni. Kiingereza changu kilikuwa cha kujiamini kuliko cha kujua. Wiki hiyo ilikuja habari ya mashimo meusi yaliyo katikati ya galaksi, na humo mlikuwa na neno "jeti". Sasa mtoto wa Temeke, ndege zinapita juu ya bati letu asubuhi na jioni, nikikutana na jeti niwaze nini? Nikasoma hewani, kwa sauti yangu ya kuringa, kwamba ndege za jeti hutoka kwenye galaksi kwa kasi ya ajabu. Hata sikujiuliza rubani ni nani.

Jumatano akaja mtu mapokezi akaniulizia. Alikuwa Mwalimu Komba, mzee wa mvi, mtu wa Songea aliyefundisha fizikia sekondari kule Pugu. Kumbe aliwaagiza wanafunzi wake wasikilize kipindi changu na kuandika. Akafungua daftari moja mbele yangu. Palichorwa galaksi, na katikati yake inachomoka ndege, ina madirisha, ina magurudumu.

"Binti," akasema, "hiki umekitoa wapi?"

Ningesema "shikamoo mwalimu, nimekosea", mambo yangeishia pale. Badala yake nilimwambia yeye si wa kunifundisha kazi, redio si darasa lake, na kama hapendi azime. Sauti yangu ilifika hadi studio. Nilimaliza yote hayo hata sijamwamkia, na hadi leo nikisimulia naona aibu.

Mzee alisubiri nimalize. "Nimesikia," akasema. "Sasa usinifokee. Aliyekosea ni wewe."

Akavuta kiti, akanieleza bila haraka. Gesi inayovutwa na shimo jeusi haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka kwanza, hubanana, huwa ya moto kupita kiasi. Nyingine huzama. Nyingine, kabla haijafika mahali ambapo haiwezi tena kurudi, hushikwa na nguvu za sumaku na kurushwa nje, upande huu na upande wa pili, katika mikondo miwili myembamba inayoweza kwenda mbali kuliko upana wa galaksi yenyewe. Hata nyota changa, zikiwa bado zinajikusanya, hurusha gesi namna hiyo. Hiyo ndiyo jeti.

"Mimi nimekosa neno la Kiswahili la kuwapa watoto," akasema. "Ndiyo maana nilikutegemea wewe."

Hapo ndipo aibu iliponishika hasa. Nikabaki nalirudia neno lake kichwani. Usinifokee. Uji ukichemka sana hufoka sufuriani. Damu hufoka mshipa ukikatwa. Na mimi nilikuwa nimetoka kumfokea mtu mzima.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, nikiwa nimechelewa. "Hiyo gesi inafoka. Tuite mfoko."

"Marahaba." Akalijaribu neno mdomoni mara mbili, kisha akaliandika kwenye lile daftari.

Ikabaki kusahihisha hewani. Nilipomwambia Bi Zuhura, mkuu wetu wa vipindi, akafunga mlango tukabaki wawili.

"Zainabu, sikiliza. Ijumaa ya wiki ijayo wanakaa kuamua kama unaajiriwa. Ukienda kutangaza kwamba hukujua ulichosoma, wakubwa watasema hujui kazi. Waliosikia washasahau. Iache ipite."

"Kuna darasa zima limechora ndege, Bi Zuhura."

"Mwalimu wao si yupo? Atawasahihisha yeye."

Nilikitaka kile kiti cha utangazaji, mwanangu. Tangu nikiwa msichana wa shule nilikuwa najitangazia habari mwenyewe jikoni. Siku nne nilivutana na nafsi yangu. Kila nikijishawishi kunyamaza, nauona mchoro ule uliochorwa kwa rula, na mtoto aliyeuchora akiniamini mimi. Basi nikaamua, na nilipoamua sikuyumba tena. Jumatatu nikaingia studio, na kabla ya habari yoyote nikasema: "Wiki iliyopita niliwaambia kuwa ndege za jeti hutoka kwenye galaksi. Si kweli. Nilikosea mimi, Zainabu, kwa sababu sikujua na sikuuliza. Kinachotoka ni mfoko wa gesi, na leo nitaueleza." Nikaueleza hadi mwisho, kama nilivyoelezwa na Mwalimu Komba.

Kiti sikukipata. Ijumaa wakampa mwingine, mimi nikarudishwa kupiga chapa ratiba. Niliumia, sikufichi. Dukani kwa baba wateja wakaanza utani, mmoja akamuuliza baba kama binti yake ana leseni ya urubani. Baba aliendelea kupima sukari. "Anakosea," akasema, "na anasema." Mimi sikuhitaji zaidi ya hayo.

Baada ya miezi sita niliomba tena, wakanikatalia. Kila habari ya anga iliyopita mezani nikawa naipeleka Pugu siku ya Jumamosi, tunakaa barazani kwa Mwalimu Komba tunabishana neno kwa neno. Nilipoomba mara ya tatu wakanipa, na sikutoka pale hadi nilipostaafu.

Nakuusia hivi, mwanangu. Wewe na simu yako unaongea na watu wengi kuliko redio yetu ilivyowahi kufika. Utakosea. Ukikosea, usifute kimyakimya ukajifanya hukusema. Rudi mbele ya walewale waliokusikia, ulitaje kosa lako, na useme ni lako. Anayekuja kukusahihisha msalimie kwanza, mpe kiti, msikilize hadi mwisho hata kama kifua kinakuchemka. Huenda ukanyang'anywa kitu unachokitaka sana. Kiendee tena, na wakikunyima kiendee tena, lakini usikinunue kwa kuwaacha watu na uongo wako.

Mungu akupe ulimi usioona tabu kusema nilikosea. Akupe watu wa kukwambia ukweli usoni, na siku ukweli huo utakapokugharimu, akusimamishe imara. Amina.