Fundi wa Nyuma ya Pazia

Ilikuwa mwaka wa mvua kubwa. Hapana, nasema uongo, ni mwaka uliofuata, maana bati la duka tulikuwa tumeshalibadilisha.

Mwanangu alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta, na mtaani walimwita Bingwa. Yeye alikaa mbele na wateja, mkewe nyuma ya pazia. Mimi nilishinda pale kwenye kiti changu cha plastiki nikipiga soga, nikijua mkewe anafuta vumbi na kupanga nyaya.

Asubuhi moja mke wa mwanangu akatoka na simu mkononi, uso umemsawijika. Akanieleza polepole kwamba yumo kwenye kundi la mtandaoni la mafundi wanawake, wengi wao hajapata kuwaona. Ndio waliomwelekeza mpaka akaifufua kompyuta ya mkunga mmoja wa mtaani, yenye kona iliyovunjika. Sasa Bingwa alikuwa ameirusha picha ya kompyuta hiyo mtandaoni, kajipiga kifua kwamba ni kazi ya mikono yake. Wale wanawake wakaitambua kona, maana alikuwa amewatumia picha zake akiomba msaada. Wakasema kumbe mwenzao ni dume lililojipenyeza, wakamtoa. Na mezani kulikuwa na mashine za shule ambazo bila wao asingezimaliza.

"Baba, wanataka sauti ya mtu mzima wa nyumbani. Waambie mimi ni mwanamke, na fundi ni mimi."

"Uanamke nitausema," nikamjibu. "Ufundi, mwanangu, sijauona."

Hakubishana. Akavuta pazia, akashika bisibisi, akaifungua mashine yote mbele yangu, taratibu, kama anayemvua mtoto nguo za shule. Macho yakanitoka pima. Nikajiona nimeshinda miaka yote kwenye duka la watu nisiowajua.

Nikasema kwenye simu kwamba mimi ni baba mkwe wake na fundi wa hapa ni huyu binti, nimemwona kwa macho yangu. Mmoja wao akacheka. "Shikamoo babu. Kumbe hata wewe umejua leo?"

Wakamrudisha kabla chai yangu haijapoa, naye akarudi kwenye mashine zake.

Bingwa alikuwa kasimama mlangoni muda wote, akichezea funguo. Nikamuuliza bila ukali: "Mwanangu, kila mteja alipokwambia asante fundi, nawe ukaitikia, huyu aliyekuwa akisikia nyuma ya pazia ulidhani anafikiria nini?"