Mkaguzi wa Breki Aliyemzuia Shemeji Yake

Asubuhi ya Julai, vumbi la kiangazi limetanda juu ya barabara ya Kicukiro, mjini Kigali. Lori lililobeba mihogo limesimama juu ya shimo la ukaguzi, na chini yake Jean-Berchmans Nkusi anapapasa bomba la mafuta ya breki kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba mguuni mwa mtoto.

"Kanyaga!" anapaza sauti.

Dereva, aliye kwenye usukani, anakanyaga breki.

"Achia!"

Anaachia. Katika ua huu wenye magari zaidi ya ishirini, hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi ambayo Nkusi ameyapata tangu alipofika kazini.

Chama kimoja cha wenye malori kiliweka sharti mwaka juzi: kila gari la mwanachama likaguliwe mara mbili kwa mwaka, na lisilopita lisipakie mzigo. Nkusi, fundi aliyejifunza kazi na Kiswahili chake katika gereji za Wakongo mjini Kigali, akapewa kazi hiyo. Tangu hapo madereva wamemwepuka. Wakiagiza chai hawamwiti. Akikaribia, hadithi hukatika.

"Siwalaumu," anasema, akijifuta grisi. "Gari ikipita, wanasema iko nzima yenyewe. Ikikataliwa, wanasema ni Nkusi. Na ajali ambayo haikutokea, nani atakuja kunishukuru?"

Vita vya kaskazini mwa Rwanda vimemzidishia mzigo. Barabara ya Gatuna, ya kwenda Uganda, imefungwa, vipuri vinazungukia Rusumo, mpakani na Tanzania, bei imepanda. Wengi wanafunga tena vipuri vilivyokwisha kutupwa. Nkusi amewahi kukuta bomba la breki limezibwa kwa kipande cha ndala na waya.

Dereva wa lori hili la mihogo anaitwa Silvère Habumugisha. Ndiye mwenye lori, na ni kaka wa mke wa Nkusi.

Mwaka jana alifika hapa lori likiwa limejaa, akitokea kwao Ruhango. Nkusi akaona breki za nyuma zinavuja na tairi la mbele limekuwa kipara.

"Shemeji, gonga muhuri tu," Silvère alimwambia. "Mihogo ni mibichi, itaoza. Nitatengeneza nikirudi kwetu."

"Ukirudi utapita wapi? Si mteremko wa mto Nyabarongo?"

"Nimeuteremka miaka sita!"

"Gari hii haitembei, Silvère."

Silvère alimtukana mbele ya ua mzima. Kipuri kilichelewa, mihogo ikaanza kuwa myeusi, ikatupwa. Jioni ya siku ilipotupwa, katika nyumba ya kupanga huko Niboye, mkewe Kaliza alifunga mizigo.

"Kaka yangu umemfungia njia," alimwambia. "Mimi nifungulie mlango."

Akaondoka kwenda kwa wazazi wake Ruhango na binti yao, ambaye wakati huo alikuwa anatambaa. Nkusi anasimulia kwamba siku za kwanza aliendelea kupika kwa sufuria lile lile kubwa, chakula kikabaki, akawapelekea majirani. Sasa anakula mkate kazini na akifika nyumbani analala.

"Jumapili ndiyo mbaya," anasema. "Siku nyingine kuna kelele za injini."

Wakati Nkusi anarudi shimoni kukagua usukani, mwandishi wa habari hii anamfuata Silvère anayevuta sigara langoni. Je, ukaguzi umemletea hasara tu?

Silvère anapuliza moshi kwanza. Kisha anasema kweli. Zamani, kati ya safari kumi, tatu ziliishia njiani, na mihogo ilioza huko huko akitafuta fundi. Tangu alipofunga breki mpya na kulileta lori kila linapotakiwa, halijalala barabarani hata mara moja. Wachuuzi wa sokoni sasa wanamwagiza yeye kwanza, kwa kuwa mzigo wake unafika.

"Nilikuwa ninateremka Nyabarongo nikiomba Mungu," anaongeza. "Sasa ninateremka nikiimba."

"Umemwambia hayo?"

"Bado." Anaikanyaga sigara. "Ni vigumu kumshukuru mtu uliyemtukana mbele ya watu."

Nkusi anatoka shimoni, anapiga muhuri, anampa karatasi. "Imepita."

Silvère anapanda, anawasha injini. Halafu, bila kumtazama, anatoa kichwa dirishani.

"Jumapili baba yetu atakuwa nyumbani."

Lori linatoka. Nkusi anabaki amesimama, muhuri mkononi, hadi gari linalofuata linampigia honi.

Mtu anayekwenda ukweni kumrudisha mke aliyekimbilia kwao hupeleka pombe, na haendi peke yake. Lazima awe na msemaji. Ndugu zake Nkusi walikuwa Byumba, huko kaskazini, wametawanywa na vita, hajui walipo. Saa ya chakula anavuka ua hadi kwa Usumani, mzee wa Nyamirambo anayechomelea vyuma, na kumwomba huku ameinamisha kichwa.

Usumani anainua miwani yake myeusi. "Pombe utabeba mwenyewe, mimi ni Mwislamu. Maneno nitabeba mimi."

Anamsogezea kigoda na kummegea chapati. Madereva wawili wanageuka kutazama.

Nkusi amekwisha kuagiza pombe ya ndizi kwa mtu mmoja wa Kagarama, na Jumapili wataondoka na basi la kwanza. Hajui Kaliza atasema nini. Hajui kama binti yake atamjua. Na akiulizwa kama ataahidi kuiacha kazi hii ili mkewe arudi, anameza chapati, kisha anajibu.

"Akikataa Jumapili hii, nitakwenda nyingine, na nyingine. Kazi siachi. Na Kaliza pia simwachi."