Mechi ya mieleka ya Kijapani ambayo mwisho wake niliukosa kwa miaka thelathini, nikaja kuuona saluni Matonge

Wakuu, habari za mapumziko.

Naandika huu uzi kichwa kikipigwa na upepo, sababu mtaijua mkifika chini. Yote nitakayosema yametokea na mashahidi wapo, ila mmoja wao hana masharubu tena.

Nianze na background kidogo.

Mimi ni mtu wa Kigoma, nina miaka arobaini na sita. Nilimaliza form four hapo hapo nyumbani, halafu miguu ikaanza kuwasha. Mwanza, Nairobi, Johannesburg, Lisbon, na sasa Brussels. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee huku Evere. Sijawahi kukaa mji mmoja nikaacha kuukumbuka ule wa nyuma. Ndivyo nilivyo.

Mtaani kwetu kulikuwa na banda la video la Bwana Sefu, na msimulizi alikuwa kaka yangu Rashidi, ananipita miaka tisa. Wa umri wangu mnajua mambo hayo. Msimulizi anasimama pembeni ya TV na kipaza sauti, anageuza kila kitu Kiswahili, hata kama lugha yenyewe haijui.

Kaseti tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mieleka ya Kijapani. Mechi moja tu, ya ubingwa. Nani aliileta Kigoma sijui mpaka leo.

Bingwa alikuwa pande la mtu, chupi nyeusi. Rashidi akampa jina Mnara.

Mpinzani wake alikuwa mfupi, chupi ya njano, goti la kushoto limefungwa bandeji. Huyo akaitwa Sumu.

Hakuna mtoto aliyetaka kuwa Mnara. Wote tulikuwa Sumu.

Sasa tatizo. Bwana Sefu alipomwoza binti yake hawakupata kaseti tupu, wakarekodi harusi kwenye hiyo hiyo. Harusi ikala kipande cha mwisho cha mechi. Sumu kamlalia Mnara, refa anapiga chini, moja, mb... ghafla bibi harusi analishwa keki.

Kila Jumamosi mchana. Keki.

Lakini Rashidi alikuwa na dawa yake. Keki ikikaribia, anaifunika TV na kanga, anamalizia kwa mdomo. "Refa anapiga chini! Moja! Mbili!" Na banda zima: "TATU!" Sumu bingwa! Watu wanatoka wamebebana mabegani.

Mimi nilianza kuruhusiwa kuingia bandani baada ya harusi, kwa hiyo mwisho halisi sikuuona. Na sikuwa na shaka hata kidogo. Kaka kasema Sumu kashinda, basi kashinda.

Mtacheka, lakini nilitembea na hiyo mechi. Nilipolala stendi Johannesburg sijui kesho nitakula nini, nilijiambia, Sumu alikuwa na goti moja na mkanda aliuchukua. Nikaamka nikaenda kutafuta kazi, na nikapata.

Turudi Brussels.

Siku zangu za mapumziko nakwenda Galerie d'Ixelles, pale Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenye saluni ya Papa Mwamba na mkewe Maman Béa. Ni watu wa Lubumbashi. Papa ananyoa, Maman anasuka, na ndiye aliyekuwa ananitengenezea rasta zangu. Rasta za miaka kumi na tisa wakuu, nilizianzia Nairobi, zinafika kiunoni.

Siku moja nikaanza kuwahadithia hiyo mechi. Nilipofika kwenye bandeji ya goti, Papa Mwamba akasimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja.

"Ule mufupi wa jaune? Na mbele kuko muzee mwenye parapluie?"

Nywele zilinisimama. Jaune ni njano, parapluie ni mwavuli. Mstari wa mbele wa ile mechi kweli kuna mzee kakaa na mwavuli wazi, ndani ya ukumbi, na hakuna anayemuuliza.

"Huyo huyo Papa!"

"Ah bon. Ule alipigwa, ndugu yangu. Murefu alienda na mukanda yake. Niliona na macho yangu, kule kwetu Lubumbashi, Kamalondo."

"Papa, Sumu alishinda."

"Kigoma, unasema bongo."

(Kwao bongo ni uongo. Sisi ndivyo tunavyoiita nchi yetu. Hilo lilimfurahisha kuliko mechi yenyewe.)

Nikambana. Uliiona yote? Ikabainika aliiangalia kupitia dirisha la jirani, mara moja tu. Karibu na mwisho mama yake akamwita akanunue unga. Alivyorudi mbio akamkuta Mnara anaondoka na mkanda begani.

"Donc, basi alishinda," akasema. "Muntu anaondoka na mukanda kama hakushinda?"

"Labda ni wa kwake wa zamani."

"Eh! Muko na mikanda ya zamani na ya mupya?"

Ubishi huo ulichukua miaka miwili, wateja wakagawanyika. Mwishowe Maman Béa akachoka.

"Munanichokesha na babantu benyu ba Japon. Mutafute hiyo match. Mwenye kushindwa nitamunyoa miye mwenyewe. Papa, moustache. Kigoma, hizi rasta."

Saluni ikalipuka. Papa ameoa na hayo masharubu, kwenye picha ya harusi yapo. Akayashika.

"Nakubali," akasema.

Na mimi nikakubali. Ningefanyaje? Kukataa ni kusema kaka yangu mwongo.

Kuipata haikuwa rahisi kwa sababu majina halisi hatukuyajua. Huwezi kusearch "Mnara na Sumu". Nikaingia kwenye jukwaa moja la wapenzi wa mieleka ya kizamani, nikaandika Kiingereza changu cha form four: natafuta mechi ambayo kuna mzee na mwavuli. Siku mbili tu, jamaa nisiyemjua akaweka link. Hakuandika hata neno. Popote ulipo mkuu, ubarikiwe.

Sikuifungua. Wala Papa. Tulikubaliana tuione pamoja Jumapili mchana watu wakitoka kanisani.

Siku hiyo saluni ilijaa. Kuna waliokuja na Biblia mkononi, na kuna dada mmoja wa Bujumbura alikaa nusu kichwa kimesukwa akakataa kuendelea mpaka mechi iishe. Screen ikawekwa juu ya kabati la mafuta ya nywele.

Mtangazaji akaanza Kijapani chake. Maman Béa akanigeukia.

"Hii nani anaelewa? Weye si ndugu ya ule mwenye kusimulia? Simulia basi."

Nikaona aibu. Halafu nikachukua brashi ya nywele, nikasimama pembeni ya screen kama Rashidi.

Sasa niwape review wakuu, maana hii ni mechi, si vurugu.

Dakika kumi za kwanza hakuna anayemrusha mwenzake. Wanashikana mikono tu. Mnara anausokota mkono wa Sumu, Sumu anajinasua, wanaanza upya. Na ukumbi kimya kabisa! Wale watu wanaangalia mieleka kama wako msikitini. Utotoni niliona kipande hiki kinachosha. Sasa nimekuwa mtu mzima nikaona kitu kingine, kwamba Sumu anajifunza. Kila akikamatwa anajinasua haraka kuliko mara iliyopita.

Baadaye Mnara anaanza makofi ya kifua. Pa! Kifua cha Sumu kinakuwa chekundu kama nyama ya buchani. Sumu anakunja ngumi anamwambia ongeza. Pa! Yule dada wa Bujumbura akafunika macho.

"Murefu wangu!" Papa anapiga mapaja. "Kigoma, nywele zako zinalia!"

Halafu Mnara anaona ile bandeji. Hapo ndipo mechi inapogeuka. Analipiga goti teke, anaona halitoshi, analipigiza kwenye nguzo ya ulingo, analikunja. Sumu anatambaa kuzifikia kamba na hapigi kelele. Ukumbi wote unaanza kumwita jina, taratibu, kwa makofi ya pamoja. Nilisikia mwili ukinisisimka vilevile kama bandani.

Mara kwa mara inaingia sauti ya mtu kutoka kwenye spika za ukumbi. Rashidi alikuwa anaitafsiri, "Mama Mwajuma, mtoto wako analia mlangoni!" Na mimi nikaitafsiri hivyo hivyo. Saluni ikavunjika mbavu.

Kisha Sumu anaamka. Kwa goti moja anambeba lile jitu kinyumenyume, analipindua, linadondokea shingo. Mimi pale nilikuwa sisimulii tena, napiga mayowe. Mnara anatoka kwenye hesabu ya pili. Sumu tena. Mbili tena. Wote hoi, wanapigana makofi wakiwa wamepiga magoti.

Na ile sauti ya spika ikaanza kuja harakaharaka.

"Ule mutoto wa Mama Mwajuma analia sana leo," Maman Béa akasema.

Tukacheka, wajinga sisi.

Ikafika pale. Sumu anambeba mara ya mwisho, anamtupa, anamlalia. Nilijua kila kitu kuanzia hapo mpaka keki. Refa anashuka.

"Moja!" Saluni nzima.

"Mbili!"

Ngriii.

Kengele.

Mkono wa refa ukabaki hewani. Haukushuka.

Mnara yuko chini, Sumu yuko juu yake, refa anawatenganisha. Anamwinua mmoja mkono, anamwinua na wa pili. Sare. Hapo ndipo kichwa kikanifunguka. Ile sauti ilikuwa inahesabu muda! Mechi ilikuwa ya dakika sitini na zimekwisha. Miaka yote hiyo tumeambiwa saa na sisi tunamcheka Mama Mwajuma.

Kwa sababu ni sare, bingwa anabaki na mkanda wake. Mnara akaupokea, akamwendea Sumu, wakainamiana mpaka vichwa vikagusana.

Papa Mwamba akaruka. "Mukanda! Mukanda iko na nani? Niliwaambia!"

"Lakini Sumu hakupigwa Papa! Ulisema alipigwa!"

"Mukanda iko na nani?"

"Hakupigwa!"

Maman Béa alikuwa tayari anachomeka mashine kwenye umeme.

"Bon. Nani alishinda? Hakuna. Donc mulishindwa bote babili. Papa, kaa."

Papa alikaa. Dakika mbili masharubu yakawa sakafuni, na Maman akamwangalia muda mrefu kidogo. "Kumbe uko na mudomo," akasema.

Zamu yangu. Nilipokaa, nikampigia Rashidi kwa video. Siku hizi ana duka la vipuri vya baiskeli Kigoma. Sikumsalimia vizuri hata.

"Kaka, nimeuona mwisho. Ulijua?"

Akaweka chini mnyororo wa baiskeli. Nyuma yake kuku wanalia.

"Nilijua. Niliiona kabla ya harusi."

"Sasa mbona ulituambia Sumu kashinda?"

Wakuu, sikuuliza kwa utani. Nilikumbuka ile stendi.

"Sikiliza mdogo wangu," akasema. "Refa aliishiwa muda. Mimi sikuishiwa. Yule mtu alikuwa amebakiza sekunde moja. Nikampa."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilianza kucheka, Papa akacheka, mdomo wake mpya unameremeta. Rashidi akauliza mbona nimefungwa kitambaa shingoni. Nilipomweleza, alicheka mpaka simu ikamponyoka, tukawa tunaangalia dari ya duka.

Alivyoiokota, akasema subirini. Akasafisha koo. Na ile sauti, wakuu, ile ile ya bandani, ikatoka kwenye simu:

"Refa anapiga chini! Moja!"

Maman Béa akashika rasta ya kwanza.

"Mbili!"

Saluni nzima, na Papa Mwamba akiwazidi wote:

"TATU!"

Nilichojifunza ni kidogo tu. Nilidhani nimetembea dunia nzima kwa nguvu ya mtu aliyeshinda. Kumbe nilikuwa natembea na sekunde ya kaka yangu. Imenifikisha mbali, simdai maelezo. Disemba nakwenda Kigoma, na kipara hiki hiki.

Mechi naipa kumi juu ya kumi. Refa namnyima moja.

Haya, nawaachia jukwaa. Msimulizi wa banda lenu alikuwa nani, na ni picha gani aliyowamalizia kwa mdomo wake? Na mwenye dawa ya baridi ya kichwa asipite kimya, huku upepo ni mkali.