Chambo Kwenye Sufuria ya Jirani

Mimi majina hayanipotei. Shule niliiacha mapema, basi kila kitu nilikitia kichwani, na kichwa hakijanitupa: watu wa kambi ya wakimbizi, wanawake waliouza samaki kule ziwani, wote nawajua kwa majina yao na ya baba zao. Lakini hapa simtaji mtu. Mmoja nikimwandika jina lake, kalamu itasimama. Mwingine ana sababu yake, mtaiona.

Ndagala, mukeke, sangala, kuhe. Samaki wa Tanganyika nawajua wakiwa wabichi, wakiwa wakavu, hata wakiwa mifupa mitupu. Visamaki vya kijito cha Toongabbie, hapa Sydney, sikuvijua jina, na hilo lilinikera. Vilikuwa vidogo kama kidole changu cha mwisho, mgongo wa kijani, tumbo jeupe. Mume wangu aliviita wageni.

"Mgeni ni wewe, Muzee," nikamwambia. "Hao wamezaliwa hapa."

Akacheka mpaka akakohoa.

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka wa pili wa korona, Sydney ilipofungwa na sisi wa upande wa magharibi tukafungwa zaidi. Helikopta zilipita juu ya mapaa. Ruhusa ilikuwa kutoka kidogo kunyoosha miguu karibu na nyumba, na kijito kilikuwa karibu. Mume wangu alikuwa na moyo mgonjwa, miguu ilimvimba. Daktari alishamwambia binti yetu pembeni kwamba hakuna kikubwa kilichobaki cha kufanya. Mwenyewe alijua bila kuambiwa. Alichotaka ni kimoja: mji ukifunguliwa, binti ampeleke kwenye mto mpana, Hawkesbury, atupe ndoano mara moja tena. Na alitaka aende na chambo hai. Samaki wa maana, alisema, hagusi mzoga.

Basi tukavua. Njia ni ya kwetu, ya wanawake na watoto: bakuli, juu yake kitambaa kimefungwa kwa kamba, katikati tundu la kupita kidole gumba, ndani ukoko wa ugali. Unalilaza mahali maji yametulia, unakwenda kukaa. Kisamaki kina njaa, kinaingia, halafu hakina akili ya kutoka kilipoingilia. Wazungu waliokuwa wanatembeza mbwa walisimama mbali na barakoa zao, wakatutazama tunavyolinda bakuli. Mume wangu akawapungia mkono. "Wanasema, ona wazee wa watu, wameosha vyombo mpaka wamesinzia."

Kuvua ni rahisi. Kuwatunza ndiyo kazi. Maji ya bomba ya hapa yana dawa. Binti yetu aliwatilia mara moja kwa huruma, ati yale ya kijito ni machafu, na asubuhi tukaokota wafu. Tangu hapo tulibeba maji ya kijito kwenye jerikeni. Ndoo ikakaa barazani, upande wa kivuli, karibu na mlango. Usiwajaze, usiwalishe sana, aliyekufa mtoe upesi asiwaozeshee wenzake. Na ukiwaona wamepanda juu wanafungua midomo, chota maji kwa kikombe, inua mkono, yamwage kutoka juu, uchote tena. Lile povu ndiyo pumzi yao. Nilikuwa nafanya hivyo, na yeye kwenye kiti chake na blanketi ananisimamia kama nyapara.

"Juu zaidi! Unawamwagilia kama mchicha."

Katika ukoo wa mume wangu chambo hakiliwi. Njaa iwe vipi, hakiliwi, kwa sababu ni cha kesho. Kinaliwa siku moja tu, siku mvuvi anapoacha maji. Baba mkwe wangu, mikono ilipomshinda kuvuta nyavu, alimletea mama mkwe chambo chake chote kikapuni akamwambia, "Pika." Neno hilo tu. Mama mkwe akapika, tukala wote tumenyamaza, na mzee hakukanyaga mtumbwi tena.

Korona ilitufikia kupitia binti yetu, kutoka nyumba ya wazee anakofanya kazi. Yeye alipata mafua. Mimi nilipoteza ladha. Mume wangu alishindwa hata kulala chali. Ambulansi ilipokuja, wale vijana waliovaa kama wafuga nyuki hawakuniruhusu kupanda. Mlangoni akanishika kiganja, akaangalia ndoo.

"Uwape pumzi," akasema.

Hospitali haikupokea wageni, sembuse sisi wenye ugonjwa wenyewe. Akawa anapiga simu, na neno la kwanza lilikuwa hilohilo.

"Wako hai?"

"Wako hai, Muzee."

"Wote?"

"Mmoja amekufa."

"Yule mnene?"

"Yule mnene."

"Alikuwa mlafi yule. Amejitakia."

Binti alinifuata jikoni. "Mama, madaktari wanasema..."

"Usiniambie."

Sikuwa mjinga. Nilijua samaki hawamponyi mtu. Lakini wakiwa hai, mume wangu alikuwa bado ana safari, na mimi sikuwa na kingine cha kumfanyia. Nilichota, nikamwaga, nikachota.

Sasa jirani. Huyu ni Mrundi wa milimani, amekulia kambi za Tanzania, anakaa mtaa wa pili. Tulipofungiwa ndani alituletea sufuria za maharage. Aliacha mlangoni, akagonga, akakimbilia barabarani, akapaza sauti, "Kuleni, Mama! Msife mkanitia hasara ya maharage!" Nami nikimaliza naiosha sufuria, naiweka palepale mlangoni, anapita kuichukua.

Siku hiyo ndoo ilikuwa imeshika utelezi wa kijani. Sufuria yake ilikuwa kubwa, ya aluminiamu, na ilikuwa pale karibu. Nikahamishia samaki humo na maji yao, nikafunika ndege wasije wakawadokoa, nikaingia na ndoo bafuni kuisugua. Kifua kikanibana. Nikakaa kitandani nipumzike kidogo, usingizi ukanichukua. Nilipotoka, sufuria haikuwepo.

Kwetu sote, Wakongo kwa Warundi, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Unatia hata vitunguu viwili. Muda wote ule nilimrudishia vitupu kwa kuogopa kumpa ugonjwa, na iliniuma. Yeye alipofunua akaona samaki, hakuona chambo. Aliona shukrani.

Tukampigia simu.

"Mama! Umewatoa wapi, wabichi namna hii?" Nyuma ya sauti yake nilisikia mafuta yanalia. "Nimeshawakaanga na nyanya. Nusu yako nakuletea sasa hivi."

Ningemwambia nini? Akaja, akagonga, akarudi barabarani. "Wa moto hao! Nimetia pilipili ya kufukuzia korona!"

Nikamwambia asante, mwanangu. Mpaka leo hajui, na ndiyo maana simtaji jina.

Jioni simu ikalia, ile ya picha. Nesi alikuwa amemshikia. Mpira wa hewa puani, uso umekuwa mdogo kama wa mtoto.

"Nionyeshe."

Binti akaanza, "Baba, nje kumeshaingia giza..."

"Nionyeshe."

Nikaleta sahani mbele ya simu. Walikuwa wamejikunja, wekundu wa nyanya, macho meupe. Nikamweleza yote, utelezi, sufuria, usingizi. Alitazama muda mrefu. Kona ya mdomo ikapanda kidogo.

"Watu wa milimani," akasema. "Ukiwaonyesha ziwa, watauliza chumvi iko wapi."

"Tutavua wengine," nikasema haraka. "Bakuli ninalo. Ukoko upo. Nikiruhusiwa kutoka tu..."

Akatikisa kichwa.

"Kula," akasema.

"Hapana, Muzee."

"Kuleni. Wasipoe."

Nesi alicheka kwa macho juu ya barakoa yake. Nadhani alituona wazee wawili wanaongea habari za chakula.

Simu ilipokatika, binti akaniangalia. Amezaliwa kambini, mambo ya ziwani hakuwahi kuambiwa. "Baba amesema tule?"

"Amesema tule."

Tukakaa mezani tukala. Ladha sikuwa nayo, pilipili niliisikia kama moto mtupu, na mifupa niliitafuta kwa ulimi. Nilikula na vichwa. Binti aliongea kidogo, habari za kazini, halafu naye akanyamaza bila kujua kwa nini.

Alikufa kabla mji haujafunguliwa. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Ndoo ilibaki bafuni, safi, imegeuzwa chini juu.

Njia zilipofunguliwa, binti akawasha gari, akaniuliza kama nataka kwenda Hawkesbury, hata kuutazama mto tu. Nikamwambia azime gari. Chambo tulishakula.