Siku Mji Ulipokosa Kadhi

Niliolewa mara mbili alasiri moja, na mume yule yule, wala hakuniacha katikati. Nikisimulia hivi wajukuu hucheka kabla sijafika mbali, nami huwaacha wacheke. Siku yenyewe ilikuwa ya kicheko, ingawa kuna kipindi roho yangu ilikuwa mkononi.

Ilikuwa kabla ya vita vya Mjarumani. Pwani ilikuwa ya Seyyid wa Unguja kwa jina na ya Mwingereza kwa kazi, na makadhi wetu walikuwa hapo katikati, kila mmoja akikuna ndevu na kujiuliza bwana wake hasa ni nani. Mji wetu ulikuwa mdogo, juu kidogo ya Kilifi ukielekea Malindi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akafa bila kuniachia kaka, wala ami, wala binamu wa kuumeni. Mwanamke wa namna hiyo, kwa sheria yetu, walii wake ni kadhi. Kadhi ndiye amwozaye. Basi suala la nani kadhi na nani si kadhi, ambalo kwa wengine lilikuwa gumzo la barazani, kwangu lilikuwa jambo la chumbani.

Niliyemtaka alikuwa mahaji, yaani mtu wa bara aliyesilimu. Wazazi wake walilima mahindi na mihogo huko Vitengeni. Alikuwa na meno mazuri na alikuwa hajui kudanganya, na mimi nilikuwa nimekwisha kata shauri. Kadhi wetu, mzee mnene aliyependa kubishana kuliko kula, na kula alikupenda sana, alisema Mwislamu ni Mwislamu, akatupangia Ijumaa baada ya sala ya alasiri.

Alhamisi asubuhi Muhindi mwenye duka la nguo akarudi kutoka Mombasa na habari. Kadhi wetu ameuzuliwa. Wakubwa wa Kiingereza huko Mombasa wamemwondoa, na wamemweka mwingine aliye njiani. Muhindi alimwacha Kibarani, amekwisha vuka maji ya Kilifi, anatafuta punda wa kumfaa. Na huyo mpya sifa zake zilimtangulia: kule alikotoka, hakuna mahaji aliyepata kuozwa naye binti wa mjini. "Si kufu," yaani hawalingani, ndilo lilikuwa neno lake, na akishalisema amefunga mlango.

Mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye aliyenilea, alikaa chini akajipiga paja.

"Hawamwezi!" akasema. "Aliyemweka ni nani? Seyyid. Basi amtoe Seyyid. Mimi nikiolewa na mume wangu, jirani aje anipe talaka? Talaka ya jirani si kelele tu?"

"Mama, hao wana askari."

"Na jirani ana bakora. Bado si mume wangu!"

Mpaka leo sijasikia mwanasheria aliyelieleza jambo lile vizuri zaidi. Lakini nilijua kwamba Mombasa hawatamuuliza mama mkubwa. Nikaenda jikoni nikaukanda unga kwa hasira, na hapo, mikono ikiwa ndani ya unga, nikakumbuka somo la baba. Alikuwa akiwasomesha wanafunzi wakubwa ukumbini, nami jikoni nikisikiliza. Kadhi akiuzuliwa, alisema baba, hukumu zake hubaki sahihi mpaka habari ya kuuzuliwa imfikie. Nikacheka peke yangu hata mama mkubwa akaja mbio akidhani nimepandwa na shetani.

"Asiambiwe!" nikamwambia. "Mama, mpaka kesho alasiri, asiambiwe!"

Hapo ndipo mji wetu ulipoingia wazimu. Kabla ya adhuhuri kila nyumba ilikuwa imepata agizo, na watu ambao hawajawahi kuficha hata chafya walianza kuficha jambo moja wote pamoja. Kadhi akipita, barazani watu walinyamaza ghafla, kisha wakaanza kusifu hali ya hewa. Walimwamkia kwa sauti kubwa mno: "Sabalkheri, Bwana Kadhi! Kadhi wetu!" Mwenye kuuza kahawa alimwita kadhi mara nyingi katika kikombe kimoja, mpaka mzee akamwuliza kama ana homa.

Tatizo letu lilikuwa adabu. Mtu wa pwani akisikia mwenzake amefikwa, mdomo humtoka wenyewe. Mlangoni mwa msikiti mzee mmoja, mtu mwema sana, alimshika kadhi mkono kwa huzuni akamwambia, "Pole, Sheikh."

"Pole ya nini?"

Tuliambiwa msikiti mzima uliacha kupumua.

"Pole ya... ya mguu," akasema yule mzee.

Kadhi akautazama mguu wake. "Ahsante," akasema. "Unaendelea vizuri." Na siku ile yote watu walimwona anachechemea kidogo. Sisi wanawake tulilia kwa kicheko. Hatukujiuliza kwa nini mtu mzima achechemee kwa mguu usiouma.

Ijumaa ikafika. Wakwe zangu walishuka na mbuzi na kuku, wametembea kutoka Vitengeni na bado wanaimba. Baada ya alasiri kadhi alikuja mlangoni kwangu na mashahidi, akauliza kama ninaridhia. Nikanyamaza, kwani kwa mwanamwali kunyamaza ndiko kukubali, ingawa nilitamani kupiga kelele. Wakaenda ukumbini, aqdi ya ndoa ikafungwa, fatiha ikasomwa, vigelegele vikapaa. Sinia za pilau zilikuwa zinaingia wakati punda alipolia nje.

Kadhi mpya aliingia na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa mwembamba, na njaa ilimtoka machoni. Akasalimu, akaambiwa ni harusi ya nani na nani, akaweka chini fimbo yake.

"Umemwozesha wewe?" akamwuliza mzee wetu. "Wewe umeuzuliwa. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa pole ya mguu," akasema mzee, na ukumbi ukaangua kicheko. Hata nyuma ya pazia tulikuwa tumebana midomo kwa kanga.

Yule mpya hakucheka. "Naijua kanuni unayoshikilia," akasema. "Basi apa. Apa kwamba habari haikukufikia."

Kicheko kikakatika. Aape tu, nikawa naomba. Neno moja tu.

"Siwezi kuapa," akasema. "Mke wa Muhindi alimwambia mke wangu dirishani, jana. Nikafunga dirisha. Lakini nilisikia."

"Basi hukuwa kadhi. Na ndoa hakuna."

Mama mkubwa alinishika mkono kwa nguvu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na katika ule woga nikakasirika, na nikikasirika huwa sikumbuki kama ni bibi harusi wala nani. Nikasema nyuma ya pazia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa punda:

"Bwana, na wewe umekwisha tangazwa hapa?"

Ukumbi mzima uligeuka. "Nani huyo?" akauliza kadhi mpya.

"Ndimi mwenye harusi."

Akakohoa. "Nitatangazwa kesho, mbele ya Liwali."

"Kwa hiyo yeye si kadhi tena, na wewe si kadhi bado. Leo mji huu hauna kadhi. Na mwanamke asiye na walii, mahali pasipo na kadhi, si anaruhusiwa kumweka mtu mwadilifu amwozeshe?"

Palikuwa kimya kiasi cha kusikia pilau ikipoa. "Nani aliyekufundisha hayo?"

"Baba yangu. Yeye ukumbini, mimi jikoni."

"Mwadilifu," akasema polepole, kama anayelipima lile neno. Akamtazama mzee aliyeshindwa kuapa uongo hata kwa ajili ya harusi. Kisha, wallahi, kadhi mpya akacheka, kicheko chembamba kama mwenyewe. "Kesho ningekukatalia," akasema. "Leo sina mamlaka ya kukataa wala kukubali. Mimi ni mgeni mwenye njaa. Nipeni nafasi, niwe shahidi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata Vitengeni nadhani walisikia. Mama mkubwa alicheza mpaka ushanga ukakatika, tukawa tunaukanyaga. Mume wangu maskini alikuwa anauliza kila mtu kama ameoa au hajaoa.

Mzee akaja tena mlangoni kwangu. Safari hii sauti yake haikuwa ya mbishi yule tuliyemzoea.

"Mwanangu, unaniweka wewe?"

"Nakuweka, baba."

Nikasikia analia. Nikalia na mimi, kwa furaha, na kwa huruma niliyokuwa sina nafasi nayo tangu Alhamisi. Tulikuwa tumemficha mtu msiba wake mwenyewe, naye akautembeza mjini siku nzima akichechemea ili tupate raha.

Kesho yake Liwali alimtangaza mwenzake, na watu wakaacha kumwita kadhi, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Mimi nilimwita kadhi mpaka tulipomzika. Aliyemweka mara ya mwisho nilikuwa mimi, na sikumuuzulu.